Mtindo Uitwao Kibarua

Jumatatu asubuhi Njambi alifika ofisini kutoka Ruiru, akapangusa kibodi kwa kitambaa, akafungua faili la mikataba na kuanza kubadilisha tarehe. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa katika kiwanda kile cha jemu, Eneo la Viwanda Thika. Maneno ya mkataba hayakubadilika, majina hayakubadilika. Tarehe tu ndizo zilizosogezwa mbele miezi mitatu, printa ikatema karatasi, na watu waliozeekea pale wakawa wageni upya.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kibarua alifanya kazi miezi mitatu, akarudishwa nyumbani wiki moja, kisha akachukuliwa tena kana kwamba hajawahi kuonekana langoni. Ile wiki ndiyo iliyomzuia mtu kusema kwamba amefanya kazi mfululizo na anastahili kuandikwa kazi ya kudumu. Vibarua wenyewe waliiita wiki ya kufa. Mmoja angesema nje ya lango, akitafuna mahindi ya kuchoma, kwamba yeye anakufa Ijumaa, na mwenzake angemjibu kwamba yeye anafufuka Jumatatu. Hawakucheka sana. Mzaha ulikuwa umechakaa kama maovaroli yao.

Ndani ya faili, majina ya wafanyakazi wa kudumu yalikuwa kwa herufi nzito zilizosimama wima. Majina ya vibarua yalikuwa kwa herufi za mlazo, zile zinazoinama kuelekea kulia. Aliyeagiza hivyo ni Bwana Kaleli, meneja wa wafanyakazi, ili macho yake yatofautishe haraka. Alitengeneza mtindo mmoja wa herufi kwenye kompyuta yake, akauita Kibarua, akaufunga kwa neno la siri. Tangu hapo kila jina lililoingizwa chini ya mtindo huo lililala lenyewe.

Baada ya mikataba michache, vibarua nao wakaanza kuinama.

Waliinama kuelekea kulia kwa anayewatazama usoni, yaani kushoto kwao wenyewe. Haikuwauma. Ilikuwa usumbufu tu. Mshonaji wa maovaroli alianza kukata mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Watu wa bodaboda wa mtaa wa Kiganjo walijifunza kuegemea upande wa pili kila walipobeba mtu wa kiwanda. Kanisani mchungaji aliwaomba wakae mwisho wa mabenchi, karibu na ukuta, ili wasimlalie jirani wakati wa mahubiri. Viola, aliyeuza chakula kwenye kibanda nje ya lango, aliacha kuwapa supu kwa sahani akawapa kwa bakuli refu. Kila mtu alirekebisha kidogo upande wake, kisha akaendelea na shughuli zake.

Aliyeinama kuliko wote alikuwa Awiti, kwa sababu ndiye aliyekuwa amefufuka mara nyingi kuliko wote. Alifunga vifuniko vya chupa. Alitoka upande wa Homa Bay miaka tisa iliyopita akiwa amemshika mkono bintiye Lynn, akapanga chumba Kiganjo, na kiwanda kikamchukua wiki hiyo hiyo. Njambi alipokuwa mgeni kazini, hajui hata choo kiko wapi, Awiti ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa Viola na kumwambia chapati za pale ni kubwa na maharagwe hayana mawe. Tangu siku hiyo walikula pamoja. Njambi alikuwa na kazi moja ndogo mezani: kuweka kifuniko cha soda chini ya sahani ya Awiti, upande mmoja, ili mchuzi usimwagike anapovutia sahani kwake.

"Njambi," Awiti alisema Jumatatu ile, akimega chapati, "si wewe ndio unaandikanga hayo majina yetu?"

"Mimi nabadilishanga tarehe tu, Mama Lynn."

"Lakini kompyuta ni yako."

"Kompyuta ni ya kampuni."

"Sawa, ni ya kampuni. Lakini vidole ni vyako." Awiti alimeza. "Kaleli amesema wanataka mtu mmoja wa kuandikwa permanent hapo kwa vifuniko. Hiyo kazi naijua hata nikiwa nimelala. Lakini amesema permanent lazima awe mtu anasimama straight. Sasa mimi na huku kulala kwangu, yawa, nitaitwa na nani? Nisimamishe basi."

Njambi aliona jambo lenyewe ni dogo. Alirudi ofisini, akateua jina la Awiti kwa kipanya, akabonyeza kitufe cha kuondoa mlazo. Herufi zikasimama pale pale, zikajipanga kama watoto wa shule waliosikia sauti ya mwalimu mkuu. Akahifadhi faili, akalichapisha. Karatasi ilipotoka, jina lilikuwa limelala.

Alirudia. Jina lilisimama kwenye kioo na kulala kwenye karatasi. Alifunga faili, akalifungua, sasa limelala hata kwenye kioo. Alilifuta akaliandika upya herufi moja moja, na kila herufi ilizaliwa ikiwa imeinama. Alijaribu fonti zote zilizokuwa kwenye ile kompyuta, za kizungu cha zamani na za kadi za harusi, na zote zililala, kila moja kwa namna yake. Ukiona mtu mzima amekaa ofisini akiitukana mashine kwa Kikuyu, ujue hajaanza leo. Njambi alikasirika sana. Aliikasirikia kompyuta kwa sababu Kaleli hakuwa karibu.

Siku iliyofuata alifikiri kwamba pengine kusimama kungekuja kwa njia ya kuzunguka. Akaacha mlazo ulivyo, akalifanya jina liwe zito. Asubuhi yake Awiti alifika kazini akiwa mzito. Kijana wa bodaboda aliyembeba alishuka langoni akaitazama tairi ya nyuma. Njambi akaondoa uzito, akalipigia jina mstari. Mstari mweusi ukamfuata Awiti chini ya viatu kila alikokwenda, na mwanamke wa usafi akaupiga deki kutoka stoo hadi kantini bila kuupunguza. Njambi akauondoa mstari, akaongeza ukubwa wa herufi. Awiti akarefuka, akagonga kichwa kwenye kizingiti cha choo, na bado alikuwa ameinama.

"Njambi, wacha," Awiti alisema kwa Viola, akishika paji la uso. "Mimi si kitambaa cha fundi. Toa hizo vitu zote. Nilikuomba moja tu."

"Haki naijaribu, Mama Lynn. Inakataa."

"Najua unajaribu. Ndio maana naumwa kichwa."

Ikabidi Njambi aende kwa mwenyewe. Bwana Kaleli alikuwa nyuma ya meza yake, mzito na wima kama jina lake, akinywa chai. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akikumbuka siku za kuzaliwa za wafanyakazi wa kudumu wote.

"Sir, naomba password ya ile style ya Kibarua. Nataka kutoa italics kwa majina."

"Kwani zinakusumbua?"

"Zinawasumbua wao. Wamelala."

"Nimeona," Kaleli alisema. Alikuwa ameona kweli. Dirisha lake lilitazama lango. "Lakini niambie, Njambi. Ukiwanyoosha wote, nitajuaje casual ni nani na permanent ni nani?"

"Si utasoma mkataba?"

"Nani ako na time ya kusoma?" Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka jibu. "Na hata hivyo, hakuna mtu analia. Chege anatengeneza line. Mambo yatakuwa sawa."

Chege alikuwa fundi na msimamizi wa mitambo, na ni kweli alikuwa anatengeneza. Kwa miezi kadhaa chupa zilikuwa zinavunjika, maana watu walioinama walifunga vifuniko vikiwa vimeinama, navyo vifuniko vya namna hiyo havishiki. Kaleli alikuwa amemwuliza Chege kama ni rahisi zaidi kuwanyoosha watu au kuipinda mashine. Chege alizunguka ukumbi, akatazama vibarua, akatazama mkanda unaosafirisha chupa, kisha akajibu kwamba mashine ina bolti. Akaleta mbao na kuinua mkanda upande mmoja. Akainua na sakafu ya kusimamia, kwa kadiri ile ile waliyoinama watu. Alipomaliza, vibarua walionekana wamenyooka ndani ya ukumbi na kila kitu kingine kikaonekana kimepinda, hata saa ya ukutani.

Kazi ikaenda vizuri. Chupa ziliacha kuvunjika. Jambo moja tu lilibadilika: jemu ya moto iliyomiminwa ndani ya chupa zilizoinama iliganda upande, hivyo chupa iliposimamishwa rafuni, jemu ilikuwa juu upande mmoja na chini upande wa pili, kama mteremko. Maduka yaliipokea. Mteja mmoja alipiga simu kuuliza kama ni muundo mpya, akaambiwa ndiyo.

Njambi hakuwa mtu wa kwenda ukumbini. Chege alipokuwa akigongelea mbao zake, yeye alisikia kelele tu, akafunga dirisha. Kichwa chake kilikuwa kwenye lile jina. Wenyewe husema mvumilivu hula mbivu, lakini wanaosema hivyo hawajawahi kushindana na mtindo uliofungwa kwa neno la siri. Alikuwa akiota herufi. Ndani ya matatu ya asubuhi alikuwa akisoma mabango ya ardhi inayouzwa na kuona wivu jinsi yalivyosimama.

Siku moja Kaleli alitoka kwenda kwenye mkutano, akaacha kompyuta yake wazi. Njambi akaketi kwenye kiti chake, akaufungua mtindo wa Kibarua. Alitaka kuona umejengwa juu ya mtindo gani, kwa sababu kila mtindo hurithi tabia kutoka kwa mwingine, na ukirekebisha wa chini, wa juu hunyooka. Kisanduku kilisema kwamba Kibarua kimejengwa juu ya Kibarua. Akabofya. Hicho nacho kilijengwa juu ya Kibarua. Akabofya tena na tena mpaka kidole kikachoka, na kila alikoshuka alikuta neno lile lile, limeinama. Hapakuwa na chini.

Aliketi akitazama kioo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, naye alikuwa amengoja vya kutosha. Kisha akafanya jambo ambalo angelifanya tangu mwanzo kama angekaa kwenye kiti kile: akalikata jina la Awiti, akalitoa kwenye Kibarua, akalibandika chini ya mtindo wa wafanyakazi wa kudumu. Mkataba hakuugusa, mkataba ulibaki ule ule wa miezi mitatu na wiki ya kufa. Ni sura ya herufi tu aliyoibadilisha. Jina likasimama. Akahifadhi, likasimama. Akalichapisha, na karatasi ikatoka ikiwa na Awiti amesimama wima. Njambi aliikunja karatasi hiyo akaitia kwenye mkoba, kwa furaha aliyoona aibu kuionyesha ofisini.

Asubuhi iliyofuata, Kiganjo, Awiti aliamka akiwa amenyooka. Lynn, ambaye sasa alikuwa sekondari, alimwona mama yake kwa urefu wake wote kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Alisema tu kwamba sketi imekuwa fupi. Kijana wa bodaboda aliegemea upande wa pili kwa mazoea na nusura awaangushe wote wawili. Pale kibandani Viola alimwambia, "Mama Lynn, umenyooka," akamwekea uji kwenye kikombe cha kawaida.

Awiti akaingia ukumbini, akapanda kwenye sakafu ya Chege.

Mtu aliyesimama wima juu ya sakafu iliyopinda huteleza. Awiti aliteleza. Alijishikilia kwa mkono mmoja na kufunga vifuniko kwa mkono wa pili, lakini chupa zilimjia zikiwa zimeinama, na vifuniko vyake viliingia upande. Chupa moja ikaanguka, ikafuatwa na nyingine, na jemu ya moto ikamwagika kwenye viatu vya mwanamke aliyekuwa karibu naye. Chege akasimamisha mkanda.

"Awiti, leo umeinama sana," alisema.

"Mimi nimesimama, Chege. Niangalie vizuri."

Chege alikuwa mtu wa haki. Akaleta pimamaji, akaliweka kwenye mgongo wa Awiti, na kitone cha hewa kikakaa katikati kabisa. Akaliweka kwenye sakafu yake, na kitone kikakimbilia pembeni. Akalitikisa, akalitazama, akaliweka kando ili lirudishwe dukani kwa ubovu.

"Humu ndani umeinama," akasema. "Mimi kazi yangu ni ya humu ndani."

Kaleli aliitwa. Alisimama mlangoni, akaona safu ndefu ya watu walionyooka na mmoja aliyeegemea upande wake peke yake. Alisikitika, maana alikuwa amesikia sifa za Awiti. Akamweleza kwamba ile nafasi ya kudumu inahitaji mtu anayesimama wima kazini, kwamba si yeye aliyetunga sera hiyo, na kwamba kwa sasa aende nyumbani, atakapoweza kazi arudi. Nafasi yenyewe ikaahirishwa hadi apatikane mtu anayefaa.

Njambi aliposikia, alishuka mbio hadi langoni, lakini Awiti alikuwa ameshaondoka. Ndipo akaingia ukumbini na kuiona sakafu kwa mara ya kwanza. Hakujua amkasirikie nani. Mbao zilikuwa mbao tu, na Chege alikuwa akizipiga mswaki kuondoa jemu.

Jumapili, baada ya ibada, Awiti alikwenda Ruiru. Njambi alimkuta mlangoni kwake, wima, ameshika mfuko wa ndizi. Akamkaribisha, akachemsha chai ya maziwa, na kwa mazoea akatafuta kifuniko cha soda cha kuweka chini ya kikombe. Kisha akakumbuka, akakirudisha kwenye droo.

"Lynn anaendeleaje?"

"Ako sawa. Anauliza mbona siendi job." Awiti alikunywa kidogo. "Njambi, nimekuja unirudishe vile nilikuwa."

Njambi alidhani hakusikia vizuri, lakini alikuwa amesikia.

"Mama Lynn, aki, si ulitaka kusimama? Nimehangaika na hilo jina mpaka nikaota. Sasa umesimama hata pimamaji imekubali."

"Nimesimama nje. Kazi iko ndani."

"Basi tuongee na Kaleli. Tumwambie anyooshe hiyo floor."

"Anyooshee mtu mmoja? Na wale wengine wote waanguke?" Awiti alitikisa kichwa. "Wewe usijilaumu. Ulifanya vile nilikuomba. Lakini mtoto hali kusimama."

Njambi alisema kwamba ni dhuluma. Alisema kwa sauti ya juu hadi jirani akapunguza redio. Alisema kwamba miaka tisa ni miaka tisa hata uikate kwa wiki ngapi za kufa, na kwamba siku moja ataingia ofisini kwa Kaleli na kuivunja ile kompyuta kwa jiwe. Awiti alimsikiliza hadi mwisho, akamwongezea chai, kama yeye ndiye mwenyeji.

"Ukiivunja watanunua ingine," akasema. "Kesho mapema, tafadhali. Kabla siren ilie."

Kwa hiyo Jumatatu Njambi alifika kabla ya wengine. Kulilaza jina hakukuhitaji neno la siri wala kiti cha mtu. Aliliteua, akalirudisha kwenye Kibarua, na herufi zikainama zote kwa pamoja, bila kubishana, kwa wepesi uliomuudhi kuliko siku zote za kukataa. Kupitia dirishani alimwona Awiti akisubiri upande wa pili wa barabara, karibu na kibanda cha Viola. Alimwona akianza kuinama taratibu, akihamishia mkoba bega la pili ili usianguke. Ving'ora vya viwanda vikalia kimoja baada ya kingine. Awiti akavuka barabara, akaonyesha kitambulisho langoni, akaingia.

Kaleli alipita baadaye na kikombe chake. Aliinama juu ya bega la Njambi, akapitisha macho kwenye faili, akaridhika.

"Hapo sasa," alisema. "Naona vizuri nani ni nani."

Mwisho wa mwezi kila aliyefanya kazi ofisini alipewa chupa moja ya jemu kama shukrani. Njambi alibeba yake hadi Ruiru, akaiweka mezani karibu na mkate. Jemu ilikuwa imeganda upande, juu huku, chini kule. Aliitazama akashindwa kula. Akachukua mkoba wake, akatoa ile karatasi iliyochapishwa jina la Awiti likiwa limesimama, akaikunja, akaikunja tena hadi ikawa nene, akaisukuma chini ya chupa upande mmoja. Jemu ikakaa sawa kabisa. Ni chupa iliyokuwa imeinama sasa. Njambi akakata mkate, akapaka, akala.